Matanga ya Daraja la Ndimuni

Daraja la Ndimuni liligharimu makalavati manne, mifuko kumi na tisa ya saruji, mbuzi mmoja, kilio cha mwanamke wa Chamazi ambaye hakuwamo kwenye mpango, na sufuria moja kubwa pamoja na mfuniko wake. Nimehesabu mara mbili kama kawaida yangu, na mara zote mbili jibu limekuja lile lile. Makalavati, yale mabomba ya zege ya kupitishia maji, yamo chini ya njia, saruji imeshika, mbuzi aliliwa, na yule mwanamke alinyamaza mwenyewe. Sufuria ndiyo bado. Ilipo inajulikana, ila haijarudi.

Nawaandikia nyie maafisa maendeleo ya jamii mnaoanza sasa, mnaokabidhiwa kata na kishikwambi kwa siku moja. Juzi mliniaga kwa sherehe, mkanizawadia saa ya ukutani, zawadi ya busara kumpa mtu asiye tena na mahali pa kuwahi. Mmoja wenu akaniuliza, mama, Ndimuni uliiwezaje? Nikamwambia nitamjibu nikimaliza keki. Keki imekwisha.

Nilipangiwa Ndimuni nikiwa bado navaa viatu vya ofisini. Mtaa wenyewe uko nyuma ya Kiwalani, ndege zinapita juu ya mabati karibu kiasi kwamba wenyeji huongea kwa vipande. Mtu anasema nusu ya neno lake, anangoja ndege ipite, anamalizia. Mgeni hudhani watu wa Ndimuni wanafikiri sana kabla ya kusema. Mie nilidhani hivyo wiki nzima.

Korongo lilikuwa limeukata mtaa pande mbili. Upande wa Juu walikaa Wazaramo wenzangu na watu wengine wa pwani, nyumba za urithi, kila mmoja ana ushahidi kwamba babu yake ndiye aliyefika kwanza. Bondeni walikaa waliotoka bara, Wanyamwezi na Wasukuma wengi, pamoja na kila aliyeshindwa kodi ya Juu. Katikati palikuwa na daraja la magogo. Maji yakija yanalichukua, yakiondoka watu wanalifuata huko lilikokwama, wanalirudisha. Misumari mipya, magogo yale yale.

Siku ya kwanza nilishuka Bondeni na dodoso la kurasa kumi na mbili. Nikauliza, mna matatizo gani? Wakanijibu mpaka jua likazama. Nilirudi ofisini nimechoka kama niliyebeba matatizo yenyewe kichwani. Bi Asha, afisa mwenzangu aliyekuwa amebakiza muda mfupi astaafu, alikuwa nyuma ya ofisi anawasha jiko la mkaa achemshe kahawa.

"Shikamoo, Bi Asha."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nini?"

"Matatizo mia na nne."

"Umeuliza shida, wamekupa shida. Wanazo nyingi na hawazilipii ushuru. Ungewauliza wanauza nini, leo ungekuwa na kazi." Akachukua lile dodoso, akalikunja, akapepelea jiko. Kahawa ilikuwa nzuri, hilo nalikubali.

Ndiye aliyenifundisha kuhesabu mara mbili. Mara ya kwanza, alisema, utahesabu kinachokosekana, kwa sababu ndicho kinachopiga kelele. Ya pili sasa uhesabu kilichopo. Wengi huishia ya kwanza, wanaandika ripoti, wanapandishwa cheo. Ya vyeo sitaki kuyasemea hapa.

Vifaa vyangu vikawa vitatu: mwamvuli, kandambili, na kikombe changu mwenyewe cha bati. Mwamvuli ni wa jua, mvua na mbwa. Kandambili ni kwa sababu mtu mwenye viatu vizuri huuziwa nyanya kwa bei ya viatu. Na kikombe ni kwa sababu ukikaribishwa chai na nyumba ina vikombe viwili, mwenyeji anakunywa baada yako, na anayengoja kikombe hasemi mengi. Gari la ofisi msishuke nalo. Gari hupandisha bei ya kila kitu, hata ya ukweli.

Sensa yangu niliifanyia sokoni. Nilibishana bei na kila muuzaji wa Ndimuni, na mtu anayetetea bei yake hukwambia maisha yake yote: nani kamkopesha, mumewe anafanya kazi wapi, mzigo unatoka wapi. Nimenunua mchicha mwingi ambao sikuuhitaji. Lakini kwenye hesabu ya pili ndipo nilipogundua kwamba Bondeni, ile iliyoandikwa kwenye ripoti za waliotangulia kuwa ni "eneo lisilo na uwezo", ilikuwa na mafundi ujenzi kumi na wawili. Watu hawa walikuwa wanaondoka alfajiri kwenda kujenga maghorofa ya wenye pesa, kisha jioni wanarudi kwao kwa kuvuka yale magogo, mikono wameitandaza kama vifaranga.

Hapo pia ndipo nilipomjua Pili. Pili alikuwa mpika supu. Jioni anakwenda machinjioni Vingunguti, analeta utumbo na makongoro, anaosha, anachemsha taratibu hadi alfajiri. Kisha anaibeba sufuria kichwani, anavuka, anaiteremsha kwenye kibaraza alichokodi upande wa Juu, mahali wanapokusanyika bodaboda na wapakiaji mizigo. Saa moja asubuhi sufuria ni tupu na watu wamekwenda kazini. Nilijaribu kumbembeleza bei ya bakuli.

"Dada, hii supu haina bei ya pili," akaniambia. "Ina bakuli la pili."

Nililichukua bakuli la pili. Tukawa marafiki.

Mwaka huo mvua za vuli zilikuja na hasira za masika. Daraja likaenda, na safari hii magogo mawili hayakuonekana kabisa; wanasema yalikwenda kuziba choo cha mtu huko mbele. Yalibaki matatu, nayo yamepasuka. Pili akaanza kuzunguka kwa barabara kubwa na toroli. Anafika supu imepoa na wateja wameshakula chapati kwa mwingine. Mwenye kibaraza, mwanaume mpole sana asiyependa ugomvi wala kungoja, akamwambia kwa upole kwamba mwisho wa mwezi, kama bado anachelewa, atampa mtu wa chipsi.

Pili hakuja kwangu kulia. Alikuja kuuliza. "Dada, nyie serikali, daraja mnalileta au nitafute kazi nyingine? Nijue tu."

Nikaitisha mkutano. Walikuja watu saba. Nikahesabu tena wakawa sita, wa saba alikuwa anapita. Watu wa Juu walisema daraja ni la Bondeni, wao hawana shida kule. Watu wa Bondeni walisema korongo ni la wenye mji, wao ni wapangaji. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Shomari, Mzaramo mwenye kauli kali na magoti mabovu, akafunga mkutano kwa kusema amesikia pande zote mbili na hakuna aliyesema kitu.

Nikaenda kwa mhandisi wa manispaa, Bwana Maganga. Mtu mrefu, Mnyamwezi wa Tabora, ana tabia ya kuchora mstari hewani kwa kidole anapokukatalia. Akanichorea. Fungu la mwaka limekwisha. Ila wananchi wakionyesha nguvu zao, mafundi, mawe, saruji, kazi ya mikono, anaweza kuomba kibali cha makalavati yaliyobaki uwanjani kutoka kazi nyingine.

"Nguvu za wananchi wa Ndimuni ziko wapi, Bi Mwanaidi? Mkutano wako walikuja watu saba."

"Sita," nikamwambia.

Wiki ile ile akafariki mzee mmoja wa Bondeni. Nilikwenda kuhani, nikakaa mkekani na wanawake, na kwa sababu sijui kukaa bure, nikaanza kuhesabu. Kabla jua halijapanda, turubai limeshafungwa. Mabenchi yamekuja kutoka Juu kwa kokoteni, yakizungukia barabara kubwa. Sufuria zimepangwa kwa ukubwa. Vijana wa pande zote mbili wamekwenda kuchimba, na jembe na koleo zao. Kuna mtu wa maji, mtu wa kuni, mtu wa kugawa kahawa, mtu wa kumkumbusha mtu wa kuni. Hakuna aliyeitisha mkutano. Hakuna aliyeuliza korongo ni la nani. Na jambo moja nililijua tangu utoto, ila siku hiyo ndiyo nililiona: kwetu mtu huchangia kwanza, halafu ndiyo anauliza nani kafa.

Nikamnong'oneza Pili, aliyekuwa jikoni anasimamia wali. "Hawa watu tunawakosaje kwenye mikutano?"

"Mikutano haina wali, dada. Na haina maiti."

Nikamtazama. Akanitazama. Akasema, "Usinitazame hivyo."

Nilimwendea Mzee Shomari kwanza. Alicheka mpaka akashika magoti. Kisha nikaenda kwa ustadhi wa msikiti wetu, maana sikutaka laana ya mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafikiri, au labda alikuwa anangoja ndege. Akasema: sanda hapana, jeneza hapana, dua ya maiti usithubutu, na kipaza sauti cha msikiti msahau. Mkitaka kukusanyika mkalie magogo yenu, mle na mtawanyike, hilo ni lenu. Akaongeza kwamba yeye atapita kuangalia kama tunafuata masharti. Alipita saa ya chakula.

Tangazo lilisema wazi: daraja letu limefariki, matanga ni Jumamosi kwenye korongo, kila mtu aje kama anavyokuja msibani. Sikudanganya hata neno moja. Lakini tangazo likitembea kwa midomo huvua nguo njiani. Lilipofika Chamazi lilikuwa limebaki, "Kuna msiba kwa kina Pili." Ndipo wifi yake Pili akashuka kituoni siku ya Jumamosi analia kwa sauti, kanga imefungwa kiunoni, akaja akilia hadi mkekani na kujitupa. Wanawake wakamwambia polepole kwamba aliyekufa ni daraja. Akafuta machozi, akafikiri, kisha akaendelea kulia.

"Si tumekwambia ni daraja?"

"Nimesikia. Nimeshalipa nauli."

Watu walikuja. Wallahi walikuja. Walikuja waliojua na wasiojua, na wasiojua walipojua hawakuondoka, kwa kuwa harufu ya mbuzi ilikuwa imeshawafikia. Mbuzi wa Mzee Shomari mwenyewe, aliyesema mwenyekiti hawezi kufiwa na daraja mikono mitupu. Sasa nyie mnaoanza kazi, hapa ndipo pa kuweka kidole. Msibani hakuna anayekuja bure. Vijana walikuja na jembe na koleo, kwa mazoea, maana msibani huchimbwa. Wenye kokoteni walikuja na kokoteni. Wanawake walikuja na sufuria. Mafundi wa Bondeni walikuja mikono mitupu, lakini walipoona koleo wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe nguzo zingekaa wapi, na fundi akianza kubishana mahali pa nguzo, kazi imeshaanza.

Akaja pia Bwana Murtaza, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule barabarani, ambalo babu yake alilifungua akiuza taa za mafuta. Akavua kofia. Magogo matatu yaliyobaki yalikuwa yamelazwa juu ya mkeka, wanawake wameyafunika kanga mbili za kuazima. Akayatazama kwa huzuni ya kweli.

"Poleni sana. Mie huyu alikuwa mteja wangu," akasema. "Kila mwaka misumari kilo tano. Miaka yote hajanikopa."

"Bwana Murtaza, ukifiwa na mteja namna hiyo unatoa rambirambi gani?"

"Mifuko kumi."

"Kwa mteja wa miaka yote?"

"Bi Mwanaidi, mmeniua biashara ya misumari, halafu mnataka nigharimie na maziko?"

"Daraja la saruji litapitisha magari. Magari yatapeleka matofali Bondeni. Matofali yanataka saruji. Unapoteza misumari, unapata mtaa."

Ni mfanyabiashara, alikuwa ameshaipiga hesabu hiyo kabla ya kuvua kofia. Tukafika kumi na tisa. Ishirini alikataa, akasema ishirini ni sadaka na kumi na tisa ni biashara.

Mhandisi Maganga nilikuwa nimempigia simu mwenyewe. Nilimwambia: Ndimuni kuna matanga, yanahusu eneo lako la kazi, na watani zako wanalia. Kila neno kweli. Akaja na gari la ofisi, amevaa koti, uso wa kuhani.

"Poleni. Marehemu ni nani, Bi Mwanaidi?"

"Huyo hapo."

Akatazama mkeka. Akatazama kanga. Akasema jambo, lakini ndege ilikuwa inapita, na nadhani ilikuwa heri. Ilipokwisha kupita, uso wake ulikuwa umeshaanza kubadilika rangi na kidole kimeshanyanyuka kuchora mstari. Ndipo Mzee Shomari, kutoka kwenye kiti chake, akapaza sauti.

"Wanyamwezi ndio nyie. Msiba asubuhi, mnafika wali umeiva. Hata enzi za kubeba mizigo ya watu mlikuwa wa mwisho kufika pwani."

Turubai zima likacheka. Mnajua, au kama hamjui jifunzeni, utani wa Mzaramo na Mnyamwezi hauna likizo wala hautazami cheo. Mtani akikusema msibani hukasiriki. Ukikasirika umeshindwa, na aliyeshindwa hulipa. Maganga alikuwa amebakiza pumzi moja tu akasirike. Niliiona pumzi hiyo ikipanda, ikafika shingoni, ikarudi.

Akavua koti akampa dereva. Akavua viatu. Akaenda akajilaza mkekani, ubavuni mwa magogo, mrefu hivyo hivyo alivyo, na kuweka mkono juu ya kanga.

"Haondoki mtu hapa," akasema. "Ndugu yangu huyu alitoka bara mzima, ana gome lake. Wazaramo mmemwua kwa kumkalia. Asubuhi mmemkalia, jioni mmemkalia, kumpiga msumari mmoja mnaona tabu. Nataka fidia."

Wanyamwezi wa Bondeni wakapiga vigelegele. Nikaona mambo yanageuka, nikasogea.

"Fidia utoe wewe. Wewe ndiye ndugu wa marehemu. Lete sanda." Ustadhi akakohoa. "Lete makalavati, nilitaka kusema."

"Yapo mawili."

"Nane."

"Nane nitayazaa?"

"Mtani, Jumanne nilipita pale uwanjani kununua karanga kwa mlinzi. Nikahesabu sita. Nikahesabu tena, sita."

"Mawili yana nyufa."

"Basi tupe manne mazima. Ndani ya hayo yenye nyufa utalazwa wewe."

Akalala pale akicheka, tumbo linapanda na kushuka, watu wazima wakifuta machozi. Akasema haya, manne. Kibali alikiandika Jumatatu, kwa utaratibu wote, na sahihi zote zinazotakiwa. Msije mkasema nimewafundisha kuruka taratibu. Utani hauondoi sahihi, unaiamsha tu usingizini.

Lakini mtani mzuri haamki mkekani mikono mitupu. Maganga alisimama, akajikung'uta, akatazama huku na huku. "Nyie nawajua," akasema. "Makalavati yatakaa hapo mpaka kuku watage ndani. Nachukua rehani. Nitairudisha siku nitakayoona masika imepita na daraja limesimama." Akaenda jikoni moja kwa moja. Akachagua sufuria kubwa kuliko zote, iliyokuwa imetoka kuoshwa, akaitia mfuniko, akaibeba mwenyewe hadi garini. Watu wakamshangilia. Nami nilishangilia, nilikuwa nimeshinda.

Pili ndiye hakucheka. Alikuwa amesimama na mwiko mkononi, analitazama gari likigeuza.

"Dada," akasema, bila kupandisha sauti, "mmepata daraja. Mie kesho napikia nini?"

Ilikuwa sufuria ya supu. Nimebishana bei maisha yangu yote, na hiyo ndiyo mara niliyopata bei nzuri kwa mali ya mtu mwingine. Sikumfukuzia Maganga, ukimfuata mtani kudai rehani siku hiyo hiyo, makubaliano yote yamevunjika, na makalavati yanarudi kuota jua. Nilikwenda nyumbani, nikatoa uvunguni sufuria ya marehemu mama yangu, ya kupikia shughuli, inameza mchele kilo ishirini, sikio moja limeungwa kwa waya. Nikaivusha kabla ya magharibi. Pili akaigonga kwa kidole, akasikiliza.

"Nzito kuliko yangu."

"Supu itakaa moto."

"Tena siwezi kuibeba kichwani ikijaa."

Hilo sikuwa nimelihesabu hata mara moja. Na korongo bado lilikuwa korongo, mwisho wa mwezi uko palepale.

Alfajiri ya Jumapili fundi mmoja wa Bondeni alikuja na yale magogo yaliyopasuka, mafupi mawili, akayafunga kamba chini ya sufuria. Watu wanne wakaiinua mabegani, wawili wa Bondeni, wawili waliovuka kutoka Juu. Wakashuka nayo korongoni, maji magotini, wakapanda ng'ambo ya pili. Walitembea kwa ule mwendo mnaoujua, wa kupokezana, kila hatua chache mtu anatoka na mwingine anaingia bila kuambiwa. Wapakiaji waliokuwa wanangoja kibarazani wakasimama kwa heshima, wakidhani ni msiba. Harufu ilipowafikia wakakaa.

Waliibeba hivyo kila alfajiri hadi daraja likaisha. Mabishano hayakukosa. Mzee Shomari alisema hajaona Wanyamwezi wakibeba kitu kwa moyo kiasi hicho tangu babu zao. Wakamjibu hawajaona Mzaramo akiamka mapema kiasi hicho tangu aumbwe. Mwisho wa mwezi ulifika, mwenye kibaraza akaja kwa upole wake, akakuta supu inafuka, akaomba bakuli. Mtu wa chipsi akatafuta pengine.

Daraja lilijengwa na mafundi kumi na wawili, zamu kwa zamu, baada ya vibarua vyao. Mawe yalitoka kwenye misingi ya nyumba zilizobomoka Juu. Mchanga ulitoka korongoni humo humo. Watu wa Juu walibeba zege kwa mwendo wa wenye mji, yaani polepole, lakini walibeba. Yale magogo tuliyazika kwenye kingo za pande mbili, ustadhi akiwa hayupo.

Kamati ya matanga, wale waliosimamia maji, kuni na koleo siku ile, haikuvunjwa, hata jina halikubadilika. Mpaka leo ukitaka takataka za Ndimuni ziondoke, au taa ya njiani itengenezwe, unaiona kamati ya msiba. Wageni wa miradi hushtuka wakiona mhuri. Mafundi wa Bondeni sasa wanaitwa na watu wa Juu waliokuwa wanaagiza mafundi kutoka mbali. Bwana Murtaza ameuza saruji nyingi sana na bado anazungumzia misumari. Nyie mkitumwa mtaa wenu, msiende kulia madaraja; mzaha hupikwa mara moja, ukipashwa moto unachacha. Tafuteni cha kwao wanachokifanya vizuri bila kuombwa. Kipo. Hesabuni tena.

Masika ilikuja na maji yakafika kifuani mwa daraja. Likasimama. Maganga akaja na buti za mvua, akavuka kwenda, akavuka kurudi, akanywa mabakuli mawili.

"Sufuria, mtani."

"Masika hii ilikuwa ndogo."

Mwaka uliofuata alisema ilikuwa kubwa lakini fupi. Uliofuata akahamishiwa Tabora, na dereva wake akaniambia sufuria ilipakiwa katikati ya godoro na baiskeli. Naye ameshastaafu. Tunapigiana simu kila Idi na kila Krismasi. Nikiuliza ananiambia ipo, inapika vizuri, nije niichukue, ila mtani haingii nyumba ya mtani mikono mitupu.

Sasa mjukuu wangu anaolewa baada ya mavuno. Nilikwenda kwa Pili. Ana vibaraza viwili siku hizi, ameajiri wasichana, na ile sufuria ya mama bado iko jikoni, waya ule ule kwenye sikio.

"Bibi harusi kaja," akanitania, akanipa bakuli. Nikamweleza shida yangu, kwamba harusi inaitaka sufuria ya mama. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Dada, mie sina neno. Yangu ikirudi kutoka Tabora, yako hii hapa. Ndivyo tulivyokubaliana."

Hatukukubaliana hivyo. Hatukukubaliana chochote, niliileta tu. Lakini nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili Pili yuko sawa.

Basi naomba ushauri, nyie wenye vyeti vipya. Mtani anadaiwaje rehani bila kuonekana umekasirika? Nikidai kwa nguvu, nimeshindwa na nitalipa. Nikinyamaza, mjukuu wangu ataolewa kwa sufuria za kukodi, jambo ambalo Maganga atalitangaza Tabora nzima. Na kama kuna mmoja wenu amepangiwa huko, amfikie, ampe salamu, asikubali kukaa mpaka aione sufuria. Asimwambie nimemtuma. Sufuria ni ya makongoro, ina alama ya P chini kwa msumari. Kama ameshaipikia wali, sitamuuliza. Ila airudishe na mfuniko.